Trevor Wadley: mhandisi wa Durban aliyechora, viwanda vya wengine vikaunda

Wengi wetu tunaijua simu kwa jina lililoandikwa mgongoni mwake. Lakini jina lile si la kiwanda. Chipu iliyomo ndani yake, yaani kile kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha kinachofanya hesabu zote, mara nyingi imesanifiwa na kampuni moja Marekani na kuundwa na kampuni nyingine kabisa huko Taiwan. Apple na Nvidia hazina kiwanda chao cha kuundia chipu. Wanachora, wanaupeleka mchoro kwa TSMC, wanalipa, wanapokea mzigo.

Kazi hiyo huitwa kuunda kwa mkataba, na kwa mtu wa pwani si jambo geni. Idi ikikaribia, mama zetu walikuwa wakikanda unga nyumbani, wakipanga biskuti kwenye sinia, kisha mtoto hutumwa nazo bekari ya mtaani. Mapishi ni ya mama, tanuri ni la mwenye bekari. Mwenye tanuri hana haja ya kuijua siri ya mapishi, na mama hana haja ya kununua tanuri. TSMC, aliyoianzisha Morris Chang mwaka 1987, ni bekari ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba tanuri lake linagharimu mabilioni ya dola, na punje moja ya vumbi ikiingia huweza kuharibu mkate.

Leo nataka kueleza maisha ya mtu aliyeishi katika mgawanyo huo wa kazi, mmoja anachora na mwingine anaunda, kabla dunia haijaufanya kuwa kanuni. Jina lake Trevor Lloyd Wadley. Alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1920, na alifariki mwaka 1981, miaka 6 kabla ya TSMC kufungua milango. Yeye hakuunda chipu. Aliunda redio na mitambo ya kupimia ardhi. Lakini mwenye kutaka kujua kwa nini leo serikali za Ghuba zinatoa fedha nyingi kununua viwanda vya chipu, maisha ya Wadley yatamfungua macho.

Mimi nimesomesha fizikia miaka mingi katika skuli ya sekondari ya misheni, huko kwetu pwani. Katika vitabu tulivyopewa, mawimbi ya redio yalikuwa na majina ya Wajerumani, Waitaliano na Waingereza. Hapakuwa hata na jina moja la mtu aliyezaliwa na kusomea katika bara letu. Jina la Wadley nililipata baada ya kustaafu, nilipokwenda Durban kumtazama binti wa ndugu yangu anayesomea uhandisi wa umeme. Anaishi Glenwood, kama wanafunzi wengi wa pale, kwa sababu chuo kiko juu yake tu, unapanda kwa miguu.

Glenwood ni mtaa wa mlimani. Nyumba za zamani zenye baraza, miti mikubwa ya kivuli, na barabara zinazopanda kuelekea kwenye ukingo wa kilima. Ukifika juu unaliona jengo la kuba linaloitwa Howard College. Lilifunguliwa mwaka 1931, kwa fedha za tajiri wa bandarini, T. B. Davis, kwa kumkumbuka mwanawe Howard aliyekufa vitani Ufaransa mwaka 1916. Siku hizi ni kampasi ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Hapo ndipo Wadley alipojifunza uhandisi wa umeme, mwishoni mwa miaka ya 1930. Husimuliwa kwamba alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, hata darasani hakuwa na mazoea ya kuandika anachosomeshwa.

Hapa lazima niseme jambo moja, kwa sababu msomaji wa kwetu atauliza tu. Wadley alikuwa Mzungu, na mlango ule ulikuwa wazi kwake kwa sababu hiyo. Miaka ileile chuo kilianza kuwasomesha Waafrika na Wahindi, lakini si juu ya kilima. Tangu mwaka 1936 waliwekewa madarasa yao mbali, mjini, katika majengo ya Sastri College. Na ukisimama juu ya Glenwood ukatazama ng'ambo ya bandari, unauona mlima mrefu unaoitwa Bluff. Chini ya mlima ule, mahali paitwapo Kings Rest, walikuwa wakiishi watu wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Wengi wao asili yao ni Wamakua, waliokombolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa na kuletwa Natal kuanzia mwaka 1873. Ni Waislamu, na walikuwa wakiuona mji wote kutoka kule. Katika miaka ya 1960 sheria ya ubaguzi iliwahamisha kwa nguvu mpaka Chatsworth. Ni watoto wangapi wa Kings Rest waliokuwa na akili ya Wadley? Hilo halikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyewafungulia mlango wajaribiwe.

Turudi kwa Wadley. Alipomaliza masomo, Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha anza. Afrika Kusini ilikuwa na kikosi cha siri cha rada, kilichoasisiwa na mwanafizikia Basil Schonland. Waingereza walikuwa hawana mitambo ya kutosha ya kuwapa, basi Schonland na wenzake wakaunda rada yao wenyewe huko Johannesburg. Ilipokea mwangwi wake wa kwanza Desemba 1939. Na hapa kuna habari ambayo watu wa Malindi wataipenda. Mwaka 1940 mtambo huo ulipakiwa melini kuja Mombasa, ukafungwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuangalia ndege za Waitaliano kutoka Somalia. Wazee wa Mambrui huenda waliona milingoti tu na askari wasiosema wanafanya nini. Kumbe ilikuwa rada iliyochorwa na kuundwa Afrika, tena kwa haraka, kwa vipande vilivyopatikana madukani.

Wadley aliingia katika kikosi hicho na huko ndiko alikokomaa. Vita vilipokwisha, serikali ya Afrika Kusini ilianzisha baraza la utafiti wa sayansi na viwanda, CSIR, mwaka 1945, na Schonland akawa rais wake wa kwanza. Wadley akaajiriwa katika maabara yake ya mawasiliano huko Johannesburg.

Kazi yake moja ya mwanzo ilikuwa migodini. Migodi ya dhahabu ya Witwatersrand ni mirefu kwenda chini, na ikitokea ajali waokoaji walikuwa wakipoteana na wenzao walioko juu. Waya hukatika, na redio za kawaida hazipenyi mwamba. Wadley alipima masafa mbalimbali ndani ya migodi yenyewe, akaona ni masafa gani yanayopita katika mwamba bila kufa njiani, na mwaka 1949 akaandika ripoti yake. Redio za waokoaji wa migodini zilisanifiwa kufuatana na vipimo hivyo. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake ninayoipenda zaidi, kwa sababu ni mhandisi aliyeteremka chini kupima kabla ya kuchora.

Kilichomtangaza duniani, lakini, ni saketi iitwayo mpaka leo mzingo wa Wadley. Nitajaribu kuieleza kama nilivyokuwa nikisomesha kidato cha nne.

Walioishi na redio za zamani wanajua adha yake. Unaitafuta Cairo au London kwenye masafa mafupi, unaipata, unakaa chini, na baada ya dakika 10 sauti imekwishapotea na kuingia kituo kingine. Baba anainuka tena kukizungusha kitufe. Sababu ni kwamba ndani ya redio mna saketi inayotetema, na mtetemo huo ndio unaochagua kituo. Redio ikipata moto, mtetemo unahama kidogo, na kituo nacho kinahama.

Dawa ilikuwepo, nayo ni kristali ya kwatsi, ambayo hutetema bila kuyumba. Lakini kristali moja hutetema kwa kasi moja tu. Ukitaka redio ya kushika masafa yote mafupi, utahitaji kristali chungu nzima, na bei itakuwa ya manowari.

Wadley alitumia kristali moja tu, ya mtetemo wa milioni moja kwa sekunde, akaitoa mafungu yake yote: milioni 2, milioni 3, kuendelea hadi juu. Kisha akayachanganya na ile saketi inayoyumba kwa namna ambayo kosa la kuyumba linaingia mara mbili, mara ya kwanza linaongezwa na mara ya pili linatolewa. Ni kama jirani anayekukopesha mchele kwa pishi pungufu. Ukimlipa kwa pishi ileile pungufu, hakuna aliyepunjwa. Pishi bado ni mbovu, lakini hesabu inatoka sawa. Na redio ikakaa pale ulipoiweka.

Sasa ndipo mambo ya viwanda yanapoanza. Wadley alikuwa na mapishi, lakini hakuwa na tanuri. Nani ataiunda redio hii?

Huko Uingereza kulikuwa na kampuni changa iitwayo Racal, iliyoanzishwa mwaka 1950 na watu wawili, Raymond Brown na Calder Cunningham. Jina la kampuni ni vipande vya majina yao. Jeshi la maji la Uingereza lilihitaji redio za kupokea mawasiliano, na Racal ilikubali kazi ikitegemea kuunda redio ya Kimarekani ya kampuni ya Collins kwa leseni. Collins ikakataa kutoa leseni. Hebu fikiri, una mkataba na jeshi mkononi na huna cha kuunda! Racal ilikuwa na tanuri na haina unga. Kutoka Johannesburg akaja Wadley na mchoro wake.

Redio iliyozaliwa hapo iliitwa RA-17. Ilikuwa na valvu 23, zile taa za kioo za redio za kale, na uzito wake haukuwa wa mtu mmoja kuubeba kwa raha. Ilitoka katika miaka ya 1950 na ikanunuliwa si na jeshi la maji peke yake. Iliingia katika vituo vya usikilizaji vya serikali na meli za nchi nyingi. Racal ikatoka kwenye kampuni ndogo ikawa moja ya kampuni kubwa za elektroniki Uingereza.

Na hapo hadithi inatufikia sisi kabisa. Racal, baada ya kukua kwa redio za kijeshi, iliomba leseni ya simu za mkononi Uingereza katika miaka ya 1980. Tawi hilo likaitwa Vodafone. Lilianza kazi Januari 1985 na mwaka 1991 likajitenga na mama yake. Vodafone ndiyo iliyoingia Safaricom ya Kenya na Vodacom, na ndani ya Safaricom ikazaliwa M-Pesa mwaka 2007. Walioko Qatar na Oman wanaliona jina hilo kila siku barabarani. Sisemi kwamba bila Wadley usingemtumia mama yako fedha kwa simu. Njia hiyo ilikuwa na watu wengi. Nasema tu kwamba mapishi ya kijana wa Howard College yaliingia katika tanuri la Waingereza, na mwenye tanuri ndiye aliyepata mtaji wa kufanya jambo la pili, na la tatu.

Wazee wetu wanasema mcheza kwao hutunzwa. Safari hiyo Wadley alikuwa amechezea ugenini, na kiwanda, mafundi na mtaji vilibaki hukohuko.

Mtambo wake wa pili ulikwenda njia nyingine. Wapimaji wa ardhi wa Afrika Kusini walitaka kifaa cha kupimia masafa marefu baina ya kilele cha mlima na kilele kingine. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya minyororo na tepu za chuma, inayochukua wiki na miezi, kuvuka mabonde na vichaka. Huko Sweden Erik Bergstrand alikuwa amekwisha vumbua mtambo unaotumia mwanga, lakini mwanga unataka usiku na hewa safi. Wadley akatumia mawimbi ya redio, mafupi kiasi cha sentimita 10, yanayopita hata kwenye ukungu na mchana wa jua kali.

Mtambo huo uliitwa telurometa, na ulitangazwa kwa dunia mwaka 1957. Mtu mmoja anasimama na chombo chake kileleni, mwenzake anasimama na chombo cha pili kilele kingine, pengine kilomita 50 mbali. Wimbi linakwenda na kurudi. Kwa kuwa mwendo wa redio unajulikana, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ukijua muda uliotumika unajua umbali. Safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 100 haifiki hata nusu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna saa ya mkononi ya kupimia hicho. Wadley hakupima muda kwa saa. Alilinganisha wimbi linalotoka na wimbi linaloingia, akaangalia moja limechelewa kiasi gani katika kupanda na kushuka kwake. Kosa likawa la kuhesabiwa kwa sentimita, si kwa mita. Na vyombo viwili vile vilikuwa na simu ndani yake, hivyo wapimaji waliweza kuzungumza kutoka mlima hadi mlima.

Safari hii tanuri lilikuwa nyumbani. Kampuni ya kuunda telurometa ilikaa Cape Town, na mitambo ikauzwa nchi nyingi duniani. Ramani nyingi zilizochorwa katika miaka ya 1960, katika mabara yote, zimesimama juu ya vipimo vya chombo hiki. Mwaka 1979 Posta ya Afrika Kusini ilitoa stempu yenye picha ya Wadley na telurometa yake, akiwa bado hai. Si wahandisi wengi wanaoonja hilo.

Baada ya kuacha kazi CSIR, Wadley alirudi kwenye pwani ya Natal alikozaliwa. Huko likatokea jambo la tatu. Wakati huo transista ilikuwa imekwisha chukua nafasi ya valvu. Transista ni semikondakta: kipande cha madini kinachopitisha umeme au kuuzuia kufuatana na kinavyoamrishwa, bila kioo, bila moto mwingi, kwa betri tu. Mzingo wa Wadley, uliohitaji sanduku zito la chuma, sasa uliweza kuingia katika redio ya kubeba kwa mpini. Ikazaliwa Barlow Wadley XCR-30, iliyoundwa New Germany, mji wa viwanda nje kidogo ya Durban, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilishika masafa yote mafupi, katika bendi 30, na kituo hakikuhama. Mabaharia na wapenzi wa redio waliinunua, na mpaka leo wako watu wanaozitafuta na kuzitengeneza.

Wajapani nao waliuona mzingo ule. Kampuni ya Yaesu ikatoa redio yake, FRG-7, iliyotumia njia hiyohiyo ya Wadley, na ikauzwa dunia nzima. Kwa hiyo katika miaka ileile wazo moja lilikuwa likiundwa New Germany na likiundwa Japani. Mnadhani ni upande upi ulioendelea? XCR-30 haiundwi tena. Yaesu bado inaunda redio.

Kisha chipu zikafika. Mwaka 1958 Jack Kilby wa Marekani alikuwa ameonyesha kwamba saketi nzima inaweza kuundwa juu ya kipande kimoja cha madini ya semikondakta, na mwaka uliofuata Robert Noyce akatoa njia bora ya kuunganisha vipande vyake. Miaka 20 baadaye chipu zilikuwa zimeshuka bei kiasi kwamba kazi yote ya mzingo wa Wadley ilifanywa na chipu ya kuhesabu masafa. Mzingo ukastaafu. Leo redio ya mkononi ya bei ndogo kabisa haihami kituo, na hakuna anayeshangaa.

Kwa hiyo kazi ya Wadley haikushindwa na wazo bora peke yake. Ilimezwa na namna mpya ya kuunda vitu. Na namna hiyo mpya ilikuwa ghali mno. Kiwanda cha chipu ni vyumba visivyo na vumbi, wafanyakazi waliofunikwa toka kichwa hadi mguu, sahani za silikoni za upana wa milimita 300 zinazopigwa mwanga, kuoshwa kwa kemikali, kupakwa na kuchomwa, mara mamia, kwa wiki kadhaa. Msanifu wa kawaida hawezi kununua tanuri la namna hiyo. Ndipo Morris Chang, aliyefanya kazi miaka mingi Texas Instruments, akaanzisha Taiwan kampuni isiyosanifu chipu zake yenyewe, inayounda za wengine tu. Serikali ya Taiwan na kampuni ya Philips zilitoa sehemu kubwa ya mtaji. Wasanifu wadogo wakapata pa kupeleka sinia zao.

Nchi za Ghuba zililiona hilo. Mwaka 2009 Abu Dhabi iliingia ubia na AMD ya Marekani, ikachukua viwanda vyake na kuunda kampuni ya GlobalFoundries. Baadaye ikaongeza Chartered ya Singapore. Leo kampuni hiyo ina viwanda Ujerumani, Singapore na Marekani, na mfuko wa Mubadala wa Abu Dhabi ndio wenye hisa nyingi zaidi. Ni mwenye tanuri. Ila tazameni vizuri: tanuri lenyewe haliko Abu Dhabi. Mali ni ya Ghuba, mikono inayojua kazi iko Dresden na New York. Ni kinyume cha Wadley. Yeye alikuwa na ujuzi bila kiwanda, na hawa wana kiwanda wakiwa bado wanautafuta ujuzi.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jaribio dogo la kutazamwa. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited. Ni kidogo ukikilinganisha na vya Taiwan, lakini kimeajiri vijana wa Kenya, na wanaingia katika vyumba vile visivyo na vumbi kwa miguu yao wenyewe. Mimi hilo naliona kubwa.

Nimeandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu walioko Muscat, Dubai na Doha, kwa sababu barua ninazopata kutoka kwa wanafunzi wangu wa zamani zina swali moja: mtoto asomee nini? Wengi wanataka asomee programu za kompyuta, yaani upande wa kuchora. Ni vizuri, na Wadley ni ushahidi kwamba mtoto wa Afrika anaweza kuchora kitu ambacho dunia nzima itakinunua. Lakini maisha yake yanaonyesha pia kilichotokea baadaye. Palipokuwa na kiwanda na mafundi wa kudumu, kama Racal na Yaesu, wazo lilizaa wazo jingine. Palipokuwa na mchoraji peke yake, wazo liliondoka naye.

Kwa hiyo msimdharau mtoto anayetaka kuwa fundi wa mitambo, mkemia wa kiwandani, au mpimaji wa maabara. Kidole kimoja hakivunji chawa. Taiwan haikutajirika kwa wasanifu peke yao. Ilitajirika kwa maelfu ya vijana waliojua kuliendesha tanuri usiku na mchana bila kuunguza.

Na wenye watoto waliokwishamaliza sekondari, Howard College inapokea wanafunzi wa nchi zote na rangi zote siku hizi. Binti wa ndugu yangu anapanda kilima kile kila asubuhi, mtaili wake kichwani, na anaingia kwa mlango uleule alioingilia Wadley. Mwakani, inshallah, anamaliza. Nimemshauri kabla ya kutafuta kazi ya kuchora, atafute mwaka mmoja au miwili kiwandani.